Nota Zilizoandikwa na Zisizoandikwa

Kila ninapomaliza kupiga, hakosi mtu wa kuniuliza: kati ya jazi na muziki wa klasiki, upi unahitaji elimu, na upi ni wa kipaji tu? Jibu nililokuwa nalo ujanani silo nililo nalo leo, na ningependa nikueleze, ndugu msomaji, lilivyobadilika.

Mimi nimelelewa na kinanda cha usharika wa Kilutheri. Mwalimu wa kwaya aliandika nota za sol-fa ubaoni kwa chaki, kila sauti ikakariri mstari wake, na hakuna aliyethubutu kuongeza wala kupunguza. Nyumbani, redio ilinipigia Morogoro Jazz. Mbaraka Mwinshehe akishamaliza kuimba, gitaa lake la solo lilishika usukani, likaenda mbali na kurudi bila kupotea. Muziki ule niliupenda mno, lakini niliamini kwamba hauna undugu wowote na ule wa kanisani. Wa kanisani ulikuwa wa kusomwa. Wa Mbaraka ulikuwa wa kuzaliwa nao.

Baadaye nilijiunga na bendi iliyopiga jazi katika hoteli moja Dar es Salaam. Nilikabidhiwa karatasi yenye melodia peke yake, na juu yake herufi za kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja kuibeba melodia hiyo. Mkono wa kushoto ufanye nini, sauti zipangwe vipi, nijaze wapi na ninyamaze wapi: yote hayo niliachiwa mwenyewe. Mpiga saksafoni wetu alinielekeza kwenye albamu ya Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue. Niliisikiliza usiku baada ya usiku, hasa piano ya Bill Evans, ambaye alisomea muziki wa klasiki kabla ya kuwa nguzo ya jazi. Wapigaji wale waliingia studio na michoro mifupi tu ya nyimbo, lakini hakuna kinachosikika ovyo. Kila mmoja anajua kodi inayokuja, anamsikiliza mwenzake, na anachagua nota yake kwa sababu.

Kisha nikaombwa kumsindikiza mpiga filimbi katika sonata ya Bach. Nilipofungua nakala iliyofuata maandishi ya zamani, nilikuta mstari wa besi na namba chini yake. Namba 6, kwa mfano, humwambia mpigaji aweke juu ya besi sauti ya tatu na ya sita. Jinsi ya kuzipanga na kuzipamba, Bach alimwachia mpigaji. Kumbe ni kazi ileile niliyokuwa nikiifanya hotelini, ila jazi huandika herufi juu ya melodia, na Bach aliandika namba chini ya besi!

Tangu hapo nilianza kusoma historia kwa jicho jingine. Mwaka 1747, huko Potsdam, Mfalme Frederick wa Pili alimpa Bach melodia asiyoijua, naye akaijengea papo hapo fyuga ya sauti tatu, zikifuatana na kujibizana. Mwaka 1803, Beethoven alipiga kwa mara ya kwanza konseto yake ya tatu ya piano mjini Vienna, na rafiki aliyemfunulia kurasa alikuta nyingi karibu tupu: muziki ulikuwa kichwani mwa mtunzi. Lakini katika konseto ya tano, Beethoven huyohuyo aliagiza mpigaji asijibunie kadenza, ile sehemu ya kujimwaga peke yake, bali afuate kilichoandikwa. Mlango ukaanza kufungwa. Kazi zilichapishwa na kupigwa na watu ambao mtunzi hakuwahi kuwaona, utunzi na upigaji vikatengana, na shule zikafundisha utiifu kwa karatasi. Hata hivyo mlango haukufungwa wote: wapiga kinanda wa makanisa ya Ufaransa hufundishwa kubuni papo hapo hadi leo.

Jazi nayo haijawahi kuikimbia karatasi. Duke Ellington aliandika sehemu za bendi yake kwa uangalifu mkubwa, akimfikiria kila mpigaji na sauti yake, na mwaka 1943 alipeleka Carnegie Hall, New York, kazi ndefu aliyoiita Black, Brown and Beige.

Kwa hiyo leo nikiulizwa swali lile, najibu kwamba zote mbili zinadai elimu, na ni elimu ileile: kuujua mwendo wa sauti kiasi kwamba karatasi ikiwepo unaitii kwa akili, na isipokuwepo hubabaiki. Hofu yangu ni kwa watoto wetu. Anayefundishwa kusoma tu huduwaa nota zikiisha. Anayefundishwa kwa sikio tu hufungiwa hazina ya karne nyingi. Walimu wa kwaya na wa kinanda, nawasihi: mtoto akishaupiga wimbo kama ulivyoandikwa, mwachieni besi, mwambieni azitafute mwenyewe sauti za juu. Atakosea, mtamsahihisha, na atajifunza kwa nini mtunzi alichagua alichochagua.