Zamani ya Nani?

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa sensa katika kitongoji kimoja nje ya mji wa Nachingwea. Maswali mengi yalikuwa mepesi: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti, ni mume au mke, ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Kilichonitoa jasho ni umri. Kwenye semina tulikatazwa kuandika "hajui". Mzee asiyejua mwaka wake tulimkadiria kwa kalenda ya matukio: vita, njaa, mafuriko, Uhuru, kila tukio na mwaka wake. Nikaona nimepata dawa.

Siku ya pili nikamkuta bibi mmoja barazani anapepeta mbaazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamuuliza kazaliwa lini.

"Zamani, mjukuu wangu."

"Zamani ipi, bibi?"

"Vita vya Mjerumani."

Jibu hilo nilikuwa nalo kwenye karatasi. Pigano kubwa la Mahiwa, Oktoba 1917, lilitokea mkoani humu humu Lindi. Nikaandika miaka 95, nikaendelea. Kufika kwa kifungua mimba wake, akasema ana miaka 52. Nikapiga hesabu mara mbili. Bibi huyu amengoja hadi miaka 43 ndipo azae mtoto wa kwanza?

Nikaiweka kalamu chini, nikaacha habari ya mwaka, nikamuuliza wakati wa Karanga alikuwa mkubwa kiasi gani. Wa Nachingwea hahitaji kuelezwa Karanga ni nini. Wa kwingine ajue kwamba kuanzia 1947 Mwingereza alitaka kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu, akaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matingatinga, akajenga bandari Mtwara na reli ya kuja huku, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Bibi akauweka ungo kando. Alikuwa kigoli, akasema. Baba yake alikwenda Keya, jeshi la Mwingereza (KAR), yeye akiwa tumboni, na aliporudi kutoka Bama (Burma), mtoto alimkimbia akidhani ni mgeni. Kumbe vita vyake ni vya Hitla! Mimi na yeye tulitaja vita vya Mjerumani, kila mmoja na Mjerumani wake. Nikafuta 95, nikaandika 72.

Tangu siku hiyo nikaanza kuyasikiliza maneno yenyewe. Mzee wa nyumba ya pili aliniambia walihamishwa "juzi tu". Alikuwa anasema Operesheni Vijiji, 1974. Kijana wake, kwa miaka miwili aliyokaa bila kazi, alisema "kitambo sana". Enzi, nikagundua, haisimami peke yake, lazima iwe na mwenyewe: enzi za Mkoloni, enzi za Mwalimu. Si ajabu, kwani asili ya neno hilo ni utukufu na mamlaka. Na katika kaya zote nilizopita hakuna aliyeniambia kazaliwa kale. Kale ni ya watu ambao hakuna tena wa kuwauliza, ndiyo maana hadithi huanzia huko.

Karani mwenzangu, Mhaya, alikuwa akitucheka. Kwao kitenzi chenyewe hutenganisha lililotokea leo, la jana na la kabla ya hapo. Sisi tuna -li- moja. "Alikufa" inaweza kuwa asubuhi hii, inaweza kuwa wakati wa Majimaji, na mzigo wote wa umbali unabebwa na neno la pembeni. Ukilipuuza hilo neno la pembeni umepotea. Nilibishana naye sana kuhusu lugha ipi ina hasara, na bado sijakubali kwamba ni yetu.

Kalenda ya ofisi nilibaki nayo, lakini nyuma ya daftari nikawa na orodha yangu: Keya, Karanga, unga wa Yanga (ule wa mahindi ya njano, wa miaka ya njaa), kuhamishwa, vita vya Kagera. Swali la mwaka nikaliweka mwisho. Kwanza niliuliza: ulikuwa unatambaa, unachunga mbuzi, umeshapita unyago, au umeshaolewa? Mtu husahau tarakimu, lakini hasahau alikuwa na urefu gani siku baba yake aliporudi.

Agosti 2022 nikaitwa tena, safari hii tukiwa na vishikwambi badala ya makaratasi. Kwenye kaya moja binti wa miaka kama 20 alinieleza kwamba zamani walikuwa wakiishi Masasi. Kwa mazoea nikamuuliza zamani ipi.

"Kabla ya Korona," akasema.

Jioni nikafungua daftari nikaiandika Korona, mstari wa mwisho, chini ya Kagera.