Safari ya Kwenda Kuwaona Simba wa Televisheni

Wengi wenu mmekwisha kuwaona simba wa Maasai Mara katika televisheni, hasa katika masimulizi ya BBC yaitwayo Big Cat Diary, yaliyoanza mwaka 1996. Mimi nilitamani sana kupaona mahali penyewe. Likizo iliyopita mjomba wangu, mfugaji wa Nakasongola, alikubali kunipeleka kwa motokaa yake, akasema, "Twende, lakini usisahau kwamba mimi ni mtu wa ng'ombe."

Tuliondoka Kampala saa kumi na moja alfajiri. Pale Namawojjolo wachuuzi walituzunguka na mishikaki ya kuku na gonja za kuchoma, hata nje kusionekane. Tukapita msitu wa Mabira, tukavuka Mto Nile huko Jinja juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2018, kisha tukafika mpakani Malaba. Usiku tulilala Eldoret. Kesho yake tulisimama penye mstari wa Ikweta, na baridi ya huko ikanifanya ninywe vikombe viwili vya chai. Huko Mai Mahiu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, tuliona kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitalia mwaka 1942. Kisha tukashika njia ya Narok.

Kinamasi cha Musiara, ambapo simba wale walipigwa picha, ni majani na matope tu. Mwongozaji wetu alituonyesha simba wanne wamelala kivulini, akatueleza habari za simba jike aliyeitwa Bibi, mmoja wa wale waliojulikana kwa televisheni. Mwezi wa Desemba 2015 simba waliua ng'ombe walioingizwa hifadhini kulisha. Wachungaji wakatia sumu katika mzoga, na Bibi, mwenye umri wa miaka 17, akafa, naye hakufa peke yake.

Nilikasirika sana. Mjomba hakusema neno. Jioni tulikunywa chai dukani pamoja na mzee mmoja Mmaasai, nami nikamwuliza, "Shikamoo mzee. Kwa nini watu wawaue simba wenye sifa dunia nzima?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Simba wale wana majina, nanyi mnayajua. Ng'ombe wangu nao wana majina. Nani amekuonyesha ng'ombe wangu?" Akanywa chai kidogo, akaendelea, "Lakini sumu siitaki. Huua tai, huua fisi, huua na mbwa wangu."

Mjomba akaitikia, "Kweli, mzee."

Ndipo nikamkumbuka Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa karibu na Nairobi. Alipokuwa bado mtoto alizungushia zizi la baba yake taa ndogo zinazowaka na kuzimika kwa zamu, kwa nguvu ya betri na jua. Simba walidhani kuna mtu anatembea na tochi, wasikaribie. Nilipowasimulia wazee hao wawili, walisikiliza kwa makini, wakauliza maswali mengi kuliko mwalimu wetu wa sayansi.

Tulipokuwa tukirudi, mjomba alisimamisha motokaa mjini Narok. Nilidhani anatafuta chakula. Alirudi na betri moja, nyaya, na taa kumi na mbili, maana kwao Nakasongola chui huwachukua ndama. Ninyi mliosoma umeme darasani, ng'ombe wa kwenu wanalindwa na nini usiku huu?