Kambi Huchaguliwa kwa Aliye Mnyonge



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii naomba ruhusa ya wasomaji niyaweke kando masuala ya fiqhi mliyozoea kuyaona katika ukurasa huu, nisimulie jambo lililotokea katika nyumba yangu mwenyewe. Nimelinyamazia kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya haya. Ahali yangu ameyasoma haya kabla ya kupelekwa kuchapishwa, akaridhia, akaniambia: "Liandike, huenda likamfaa mke wa mtu."

Katika miaka 29 ya ndoa yetu nimesafiri sana kwa ajili ya kusomesha na kuhudhuria vikao vya dini: Lamu, Garissa, Tanga na Unguja. Kila niliporudi Mombasa nilimkuta mke wangu nyumbani, chakula ki tayari. Safari zake yeye zilikuwa za harusi na matanga. Siku moja, tukiwa barazani baada ya swala ya alasiri, alinitupia neno: "Baba Salim, watu watoka Ulaya waja kuwatazama ndovu wa Tsavo. Mimi nimezaliwa hapa na sijawaona." Sikuwa na jibu. Kutoka kwetu hadi Voi, penye lango la Mbuga ya Taifa ya Tsavo Mashariki, ni kiasi cha kilomita 150 tu, na mbuga yenyewe ipo tangu mwaka 1948, kabla sisi sote wawili hatujazaliwa.

Nikaazimia kumpeleka pamoja na watoto. Hapo shida zikajitokeza. Hoteli za mbugani zilitushinda bei. Hema nalo halikumfaa, kwa kuwa ana maradhi ya magoti, na akilala chini hainuki ila kwa kuinuliwa. Tena ana ugonjwa wa sukari kwa miaka 11 sasa. Ndipo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma akanishauri tujenge trela dogo la kulala, la kukokotwa na gari letu la nyumbani. Akachukua ekseli na fremu ya trela kuukuu, akajenga juu yake kijumba cha mbao na bati chenye urefu wa mita 3, mlango mmoja ubavuni, madirisha mawili ya wavu, godoro la wanawake watatu na kabati la vyombo. Tukalisajili, likapata namba yake yenyewe inayoanza kwa herufi Z kama yalivyo matrela yote ya nchi hii. Wanawake walale ndani, mimi na Salim tulale garini. Nilijiona nimekwisha kupanga kila kitu.

Ikabaki kuchagua kambi, na hapa ndipo nilipokosea.

Niliwauliza madereva na mafundi, wote wanaume, nao wakanijibu maswali ya trela. Njia ina mchanga? Kuna mtelemko? Gari lililofunga trela litapata mahali pa kuzunguka bila ya kurudi nyuma? Maswali mazuri yote. Kisha nikafahamu kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina kambi za aina mbili. Kuna kambi za umma, ambazo kila aliyelipa hupiga hema lake humo pamoja na wengine. Na kuna kambi maalumu, ambazo huwekwa mapema kwa jina lako, ukawa wewe na watu wako peke yenu. Mara moja moyo wangu ukaelekea hizo maalumu. Nilisema nafsini mwangu: hapa pana sitara. Hakuna mwanamume mgeni wa kupita mbele ya binti zangu. Sikuzingatia kwamba kambi hizo hazina majengo. Hakuna maji ya bomba, wala hakuna choo. Ni uwanja mtupu chini ya miti.

Tulifika saa nane mchana. Palikuwa pazuri, sitakataa. Mke wangu alisifu kivuli, akasifu udongo mwekundu, akawaona ndovu wake aliowatamani, nao pia wamekuwa wekundu kwa kujimwagia vumbi lile. Nikafurahi kwa furaha yake. Usiku tukasali magharibi na isha kwa kukusanya na kupunguza, tukala, wakaingia trelani wakafunga mlango.

Alfajiri binti yangu mkubwa alinigongea kioo cha gari. "Baba, Mama hawezi kusimama. Hajanywa maji tangu jana adhuhuri."

Nilimkuta ameegemea ukuta wa trela, midomo imekauka, maneno yanamtoka kwa shida. Ilituchukua karibu saa nzima kuliondoa trela, kwa kuwa gurudumu moja lilizama mchangani, na katika saa hiyo nilisoma kila dua niliyoijua. Hospitalini walimtundikia maji. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, akanieleza kwamba sukari ilikuwa imepanda sana na mwili umekauka, na kwamba mgonjwa wa namna hii akiacha maji siku nzima katika joto anacheza na uhai wake. Kisha akaniuliza kwa adabu: "Sheikh, mama alikuwa akienda haja wapi?"

Nilinyamaza. Nimefundisha mlango wa twahara kwa zaidi ya miaka 25. Nimewaeleza wanafunzi jinsi wanavyuoni wetu walivyokirihisha mtu kusali hali amebanwa na haja, kwa kuwa moyo haupati utulivu. Na mke wangu alikuwa amesali nyuma yangu sala tatu katika hali hiyo hiyo. Alipoona hakuna choo, na kwamba usiku kutoka nje ni kuhatarisha roho, na kwamba mchana mwanawe wa kiume yupo karibu, alichagua kuacha maji. Hakusema kwa sababu hakutaka kuniharibia furaha yangu. Mimi niliyedhani nimempa sitara, nilimnyima iliyo kubwa zaidi.

Alipopona nilimwomba radhi. Akaniambia jambo ambalo halijanitoka: "Si mimi peke yangu. Sisi wanawake wengi tukisafiri hatunywi maji. Kwenye basi ndivyo, kwenye matanga ya shamba ndivyo. Nyinyi hamuoni kwa sababu hatusemi."

Basi nikachukua daftari, nikakaa naye pamoja na binti zetu, nikawauliza wao wanataka kambi ya namna gani. Walinipa orodha ambayo hakuna dereva aliyenipa. Choo cha wanawake chenye mlango unaofungika, kisichokuwa mbali na trela. Maji ya kutosha ya udhu na kujisafisha. Mlango wa trela usielekee walipo watu wengine. Na chombo chenye mfuniko ndani ya trela kwa ajili ya usiku, pasiwe na haja ya kutoka kabisa. Hilo la mwisho binti yangu mdogo alilitaja akicheka, nami nikaliandika kwa herufi kubwa.

Mara ya pili sikuenda na trela kwanza. Mimi na Salim tulitoka alfajiri tukaenda kutazama kambi ya umma ya Ndololo, ambayo si mbali na lango la Voi. Tulikuta vyoo na mabafu, maji, miti mirefu yenye kivuli na ardhi iliyo sawa. Njia kutoka langoni ni fupi, jambo ambalo lina faida mbili kwa mwenye trela: gari lisilo na nguvu ya kupita mchangani halipati taabu, na mgonjwa akihitaji msaada Voi mjini si mbali. Nikahesabu hatua kutoka choo cha wanawake hadi pale palipofaa kuegesha. Zilikuwa 34. Nikamtumia mama yake Salim picha ya mlango wa choo, umefunguliwa na umefungwa. Salim aliona haya. Mimi nilikuwa nimekwisha maliza haya zangu hospitalini.

Agosti, wakati wa likizo na ardhi ikiwa kavu, tukaenda sote. Kwa faida ya wenye kutaka kwenda, nitataja niliyojifunza. Malipo hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, si kwa fedha taslimu, basi yamalizeni nyumbani. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na ndani mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani, kwa hiyo tulichukua maji katika mitungi, na vikombe vya bati. Trela lisiegeshwe chini ya tawi kavu, wala juu ya njia ya wanyama ya kwendea mtoni. Mtaijua kwa nyayo na vinyesi. Chakula chote, hasa matunda, kifungiwe garini, kwani nyani hawana subira na ndovu ana pua.

Na kibla ni chepesi. Makka iko karibu kaskazini sawasawa ya Voi, ikipinda kidogo sana mashariki. Tuliliegesha trela mlango ukielekea kaskazini, tukafunga turubai mbele yake na kanga pande mbili, wanawake wakapata msala wao na ukumbi wao kwa pamoja. Mwisho wa uwanja walikuwepo wageni wengine wenye mahema. Tulisalimiana kwa mkono wa mbali, na hakuna aliyemsumbua mwenziwe. Sitara niliyoitafuta katika upweke niliipata kwa turubai na kanga.

Usiku, baada ya saa sita, nilisikia trela likigongwa kwa ndani, mara tatu, kama tulivyoagizana. Nilishusha kioo cha gari kidogo. Sauti ya mke wangu ikaja wazi: "Baba Salim, nataka kutoka." Nikamulika tochi. Ndovu wanne walikuwa wamesimama baina yetu na vyoo, wanakula kimya kimya. Nikamjibu kwamba njia imefungwa na wenyeji. Nikasikia binti zangu wakicheka, kisha kishindo kidogo cha mfuniko, kisha wakalala. Ndovu walikaa mpaka walipotosheka wakaenda zao.

Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha anayeongoza watu katika swala amzingatie aliye dhaifu kati ya walio nyuma yake. Nilidhani fundisho hilo ni la msikitini. Sasa naona ni la kila anayeshika usukani. Baba anayepanga safari, iwe ya mbugani, ya ziara au ya matanga, asiulize kwanza gari litapita wapi. Amuulize mkewe, mamake na binti zake: mtakwenda haja wapi, mtatawadha wapi, usiku mtafanyaje? Awaulize waziwazi, maana wao hawatasema. Nanyi mama zetu na dada zetu, semeni. Kuona haya ni katika imani, lakini haya haikuwekwa ili ikuueni.

Asubuhi ile mke wangu aliketi chini ya turubai akinywa chai ya tangawizi isiyo na sukari. Alipomaliza akanisukumia kikombe. "Nitie cha pili," akasema. Baadaye akaomba cha tatu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie ahali zetu, na atujaalie kuwa wachunga wenye kuona. Amin. Wabillahi tawfiq.