Hamira na chanjo ya malaria

Leo tuweke databesi kando kidogo.

Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria, RTS,S, hapa kwetu Ndhiwa. Haikufika kila mahali lakini. Katika kaunti 8 za magharibi, Homa Bay na Migori zikiwemo, kaunti ndogo nyingine zilipewa na nyingine zikasubiri ili watafiti walinganishe, mpaka Machi 2023. Mtoto wa upande huu wa mpaka alidungwa, binamu yake wa upande ule akasubiri. Sisi waandika programu tumezoea kwamba kitu kikishatengenezwa, kukinakili ni bure. Nikataka kujua chanjo hunakiliwa vipi, nikajikuta nasoma habari za hamira.

Ndiyo, hamira, jamii ile ile ya maandazi na busaa. Imetiwa jeni yenye kipande cha kimelea cha malaria kilichoungwa na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Hukuzwa ndani ya bayorekta, yaani tangi lililofungwa lisiingie kijidudu kingine, kisha seli hupasuliwa na protini ikasafishwa. Hapa ndipo patamu kwa mtu wa programu: kompyuta hupima joto, asidi na oksijeni, na kurekebisha muda wote. Sukari hudondoshwa kidogo kidogo. Ukiimwaga yote kwa mpigo, hamira inageukia kutengeneza pombe badala ya kuongezeka vizuri. (Mama wa busaa haoni tatizo hapo, pombe ndiyo anayoitaka.)

Lakini hamira siyo yote. RTS,S ina kiungo kingine cha kuamsha kinga, QS-21, kinachotoka kwenye magome ya mti wa Chile. Hata R21, chanjo ya pili iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, inategemea magome ya mti huohuo. Seva ikielemewa unaongeza nyingine. Mti unausubiri ukue.

Mwaka 2024 watafiti walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyoifanya hamira itengeneze QS-21 yenyewe, baada ya kuipa jeni 38 za viumbe vingine. Kazi ya ajabu kweli. Kisha nikapiga hesabu. Walipata kama mikrogramu 100 kwa lita, na dozi moja ya RTS,S ina 25. Lita nzima ni dozi 4, kabla ya kutoa kinachopotea katika kusafisha. Chanjo hiyo ilizinduliwa hapa kwa ratiba ya dozi 4. Kwa hiyo lita moja, mtoto mmoja.

Kuipandisha namba hiyo ni kazi ya biolojia, lakini pia ni kazi ya vipimo, pampu na programu. Ningependa kuona vijana wa vyuo vyetu wakijaribu hilo kuliko kuandika programu nyingine ya mikopo ya simu. Mimi nimeanza na hamira ya dukani, kipima joto na chupa ya lita 5. Mwenye kujua pampu ndogo ya kudondosha inauzwa wapi Kisumu aniambie.