Deni Lililopotea Kimya

Mwaka 2015 nilikuwa nimeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Shangazi yangu alikuwa na duka Mtwapa, karibu na barabara kuu ya Malindi, na daftari la madeni lililolowa mafuta ya taa. Nikamwandikia programu ishike kazi ya daftari: jina, bidhaa, kiasi.

Siku ya kwanza aliandika kiasi kama alivyozoea: 200/=. Programu ikakatika, Kiingereza kikajaa kwenye kioo. "Mwanangu, imekufa," akasema. Mstari wa chini kabisa ulisema ValueError: Python ilitakiwa kugeuza maandishi yale yawe namba, ikakuta mkwaju na alama ya sawasawa, ikakataa.

Nilitahayari, nikatafuta njia ya mkato. Nikaweka try, na chini yake except isiyotaja hitilafu yoyote, kisha pass. Yaani likitokea lolote, nyamaza, endelea. Programu haikukatika tena, tukafurahi sote.

Mwisho wa mwezi tukalinganisha na daftari, ambalo kwa bahati hakuliacha. Madeni kadhaa hayakuwamo kwenye kompyuta, na yote yalikuwa yale yenye /=. Kubwa zaidi, sukari aliyoiandika -150, kwa kistari kama alivyokiandika daftarini, ilikuwa imepunguza deni la mteja. Hapo Python haikulalamika kamwe, kwa kuwa -150 ni namba halali.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kukatika kwa siku ya kwanza kulitusumbua dakika moja tu. Ukimya wangu ulikula madeni ya mwezi mzima.

Nikaandika upya. Safari hii except ilitaja ValueError peke yake, ikamwomba shangazi arudie kiasi. Kwa kile kistari nikajifunza raise: kiasi kikiwa chini ya sifuri, programu yenyewe ipaze sauti. Python inajua namba, haijui deni. Anayejua deni ni mwenye duka, na mwandishi wa programu ndiye wa kuufikisha ujuzi huo ndani. Baadaye nikaifunza programu kuiondoa /= yenyewe, maana shangazi hakukosea; ndivyo bei zinavyoandikwa kwetu.

Siku hizi kijana ninayemfundisha akiniambia "imekufa", simshikii kibodi. Namwambia asome mstari wa chini kwa sauti. Akishausoma, huwa tayari ameanza kutengeneza.