Kulenga mwezi kutoka paa la Kiamaiko

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi za ofisini zimenibana. Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata, maana nimenunua kifaa kipya na kama kawaida yangu siwezi kukitumia bila kukiandikia. Kifaa chenyewe ni darubini. Si ile ya kushika mikononi, ni ile ya kutazamia nyota: lenzi ya mbele ina upana wa milimita 70, urefu wa mwanga ni milimita 700, na inasimama kwa miguu mitatu ya alumini. Imekuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 700 kwa 25 upate ukuzaji wa mara 28, gawanya 700 kwa 10 upate mara 70.

Watu wengi wakisikia mara 70 hufurahi. Mimi nataka uone upande wa pili wa hesabu hiyo. Kadiri unavyokuza ndivyo dirisha lako la kutazamia linavyopungua. Kwa mara 28 unaona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 1.8 hivi. Kwa mara 70 unabaki na nyuzi 0.7 tu. Mwezi wenyewe una upana wa nusu nyuzi. Sasa fikiria unatafuta kitu katika eneo la anga la nyuzi 10 kwa 10: kwa lenzi ndogo ya ukuzaji unahitaji kama madirisha 40 kulimaliza, na kwa ile ya mara 70 ni zaidi ya 250. Ndiyo maana mtu hununua darubini, anahangaika nayo usiku mmoja, kisha anaifungia chini ya kitanda. Darubini ni nzima, ila mwenyewe hajui inatazama wapi.

Dawa yake ni kilengeo. Ni kifaa kidogo kinachokaa mgongoni mwa darubini. Unatazama kwa kile kwanza, unaweka shabaha pale, halafu unahamia lenzi kubwa na kitu kiko ndani. Changu ni cha kitone chekundu: taa ndogo inayoakisiwa kwenye kioo, ukiangalia unaona kitone kimeelea juu ya anga. Asili ya vilengeo hivi vya bei nafuu ni bunduki za hewa, zile zinazorusha risasi ndogo kwa upepo. Watazama nyota walivichukua kutoka huko wakavifunga kwenye darubini zao. Kwa hiyo usiku wangu wa kwanza kwenye paa nilikuwa nikifanya kile kile anachofanya mlenga shabaha akifungua bunduki mpya: kuhakikisha jicho na mtutu vinakubaliana. Bunduki yenyewe mtaani kwetu haina nafasi, na heri iwe hivyo.

Tofauti moja kati ya hivyo viwili inafundisha sana. Kilengeo hakikai mahali pamoja na bomba, kiko juu yake kwa sentimita 8 hivi. Mistari miwili yenye pengo kati yake haiwezi kukutana kila mahali. Mwenye bunduki ana tabu zaidi kwa sababu risasi yake inaanguka. Ikitoka kwa kasi ya mita 240 kwa sekunde, ikifika mita 25 imeshashuka sentimita 5 na zaidi. Basi yeye huchagua umbali mmoja, anarekebisha kwa umbali huo, na kwingine kote anakisia juu au chini kidogo. Mwanga hauanguki. Mimi nina tatizo la pengo la sentimita 8 peke yake, na tatizo hilo huyeyuka kwa umbali. Ukirekebisha kwa kibao cha duka kilicho mita 20, kosa ni nyuzi 0.23, ambalo kwa ukuzaji wa mara 70 linakupeleka karibu na ukingo wa dirisha. Kwa shabaha iliyo kilomita moja, kosa halifiki nyuzi 0.005. Sheria ni hii basi: lenga kitu cha mbali kabisa unachoweza kukiona mchana.

Kutoka paa la jengo letu, ghorofa ya saba, ukitazama kusini-magharibi juu ya mabati ya Mathare unaona majengo ya katikati ya jiji. Nilichagua ncha ya Times Tower, iko kilomita 6 hivi. Hatua zenyewe nilizifuata hivi:

1. Weka lenzi ya milimita 25, elekeza darubini kwa mkono mpaka mnara uingie, kisha ulete ncha yake katikati.
2. Kaza skrubu za miguu ili bomba lisisogee hata kidogo.
3. Washa kilengeo. Bila kugusa bomba, zungusha skrubu zake mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini, mpaka kitone kikae juu ya ncha ile ile.
4. Badilisha uweke lenzi ya milimita 10, rudisha ncha katikati, rekebisha kitone tena.

Onyo ambalo sitachoka kulirudia: usifanye kazi hii karibu na jua. Sekunde moja ya jua ndani ya darubini inatosha kuharibu jicho maisha yako yote. Watoto hupenda kupanda kwenye paa, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ya mbele kinakaa mahali pake mpaka jua liishe kabisa.

Wengi huishia hatua ya nne. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba jaribio moja likifaulu halijathibitisha kitu. Mlenga shabaha hapigi risasi moja akaondoka. Anapiga tano kwenye karatasi halafu anatazama zimekaaje. Mimi nilisogeza darubini mbali, nikarudi kwa kutumia kitone peke yake, nikaandika ncha ya mnara imeangukia wapi ndani ya dirisha. Nikarudia mara tano. Mara ya kwanza katikati, ya pili kushoto, ya tatu juu, ya nne kushoto tena, ya tano nje kabisa.

Hapo pana somo. Kama zote tano zingeangukia kushoto, hilo ni kosa lisilobadilika, na skrubu ingelimaliza kwa dakika moja. Zikitawanyika, skrubu haina kazi, maana hakuna mahali pa kuirudisha. Kuna kitu kinacheza. Nikashika kilengeo kwa vidole viwili, kikatikisika: mguu wake wa plastiki ulikuwa mwembamba kuliko mfereji unaoingia. Nikakata kipande cha kopo la soda, nikakikunja, nikakisokomeza pembeni, nikakaza. Majaribio matano mengine yote yakakaa ndani ya theluthi moja ya katikati. Sasa ndiyo nikarekebisha.

Wakati wote huo nilikuwa na mtazamaji. Jirani yangu wa ghorofa ya tano ni mzee wa Kiborana kutoka Marsabit, amefanya biashara ya mbuzi hapa Kiamaiko miaka mingi. Kama hujafika, mtaa huu ndio Nairobi inakokuja kutafuta nyama ya mbuzi. Malori yanashusha mifugo kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo. Mzee alinitazama nikihangaika na mnara, akauliza, "Kijana, hiyo bunduki yako inapiga nini?" Nikamwambia inapiga nyota. Akacheka, akasema nyota hazihitaji kupigwa, ziko wazi.

Na kweli kwake ziko wazi. Ile tunayoita Kilimia yeye anaiita Busan. Waborana wana kalenda ya siku 354 inayofuata mwezi pamoja na nyota saba au makundi ya nyota, na wataalamu wake hujua tarehe kwa kuangalia mwezi umelala karibu na nyota gani. Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse aliieleza katika kitabu chake Gada cha 1973. Mimi niliyeandika programu ya Python ya kuhesabu mahali pa mwezi nilikaa kimya nikasikiliza.

Halafu akaniambia shida yake. Kila mwaka mwezi wa Ramadhani ukikaribia, watu wa jengo hili hubishana. Wengine wanafuata Saudia, wengine wanasubiri Kadhi Mkuu atangaze, na nyumba moja inaweza kuwa na mume aliyefunga na mke anayekula. Yeye alizoea kuuona mwandamo kwa macho yake huko kwao, kwenye upeo ulio wazi. Hapa kuna maghorofa, moshi na taa, na macho yamechoka. Anaambiwa tu umeonekana mahali fulani. "Nataka kuuona mimi mwenyewe," alisema, "hata kama si wa Ramadhani."

Tukakubaliana tujaribu kwa mwezi wa Rajabu, ambao hauna ubishi. Programu ilisema jua likizama mwezi utakuwa nyuzi 11 juu ya upeo. Hapa karibu na ikweta vitu vya anga huzama wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo tungekuwa na dakika 44. Maghorofa ya magharibi yanakula nyuzi 5, zinabaki dakika 24. Dakika za mwanzo anga bado ni jeupe mno. Ukiondoa hizo unabaki na robo saa, na kutafuta madirisha 40 kwa robo saa ni bahati nasibu. Dira ya simu sikuiamini katikati ya mabati na nondo, kwa hiyo nilipima pembe kwenye ramani kuanzia Times Tower.

Jua likazama. Nikangoja limalizike kabisa, nikaweka kitone mahali programu iliposema, nikachungulia kwa lenzi ya milimita 25. Ulikuwa ndani, mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali kama mashua, jinsi unavyolala huku kwetu.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaacha lenzi, akafuata bomba kwa macho yake kama mtu anayefuata mtutu, akatazama angani. Dakika mbili hivi. "Ule pale," akasema. Wapo wanaosema mwandamo lazima uonwe kwa macho matupu, wapo wanaokubali vyombo, na mimi si wa kuamua. Lakini hapo nilielewa kwamba kifaa kinaweza kuheshimu pande zote mbili: kinakuonyesha pa kutazama, halafu kinakuachia jicho lako. Akawaita wajukuu wake, akawaelekeza kwa kidole, bila darubini. Mkubwa akauona. Mdogo akasema ameuona pia, ingawa alikuwa akitazama taa ya ghorofa.

Ni rahisi kudhani mambo ya anga ni ya wengine. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengewa kazi ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa sababu ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Neno letu lilizunguka dunia.

Ukipata darubini yako, ifanyie hivi: lenga mchana, lenga mbali, jaribu mara tano, na kabla hujagusa skrubu tikisa kilengeo. Na kwa sababu ngazi za maghorofa yetu hutikisa kila kitu, angalia upya kila unapopandisha kifaa juu. Inachukua dakika tatu. Mzee ameshaniuliza tarehe ya Shaabani, na programu inasema mwezi huo utakuwa chini zaidi, nyuzi 7 tu, kwa hiyo tutakuwa na dakika 8 baada ya maghorofa kuchukua chao. Natafuta jengo refu zaidi.

Haya, alamsiki.