Minana wa Bamburi



Ndugu wasomaji, akina mama na wazazi wenzangu, leo sina fatuwa ya kutoa. Nina ziara moja ya kuwasimulia, na kosa moja la kukiri.

Uani mwa madrasa ninakosomesha pana mnazi mrefu ambao kila masika huhamiwa na minana, wale ndege wa manjano wafumao viota vya kuning'inia. Watoto husoma juzuu zao chini, na minana nao husoma yao juu, hata sauti ya maalim isisikike. Mwaka jana subira ilinishinda. Nilimwita mkwezi, akayakata makuti yote yaliyobeba viota na kuyaangusha chini. Mlikuwa na makinda ndani.

Binti mmoja wa darasa la hadithi, hata miaka 10 hajatimiza, alichutama kando ya makuti yale akaniuliza, "Maalim, mama yao tutamrudishia nini?" Wiki ile ile nilikuwa nimewasomesha kisa kilichopokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.): masahaba walichukua makinda wawili safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru warudishiwe mama yao. Nilimtazama binti yule, nikaingia ofisini bila ya jawabu.

Swali hilo lilikaa nami mwaka mzima. Mwezi wa Mei uliopita, mvua zilipopumua, tulilichukua darasa lile pamoja na mama zao, tukaenda Haller Park, Bamburi, kuwatazama minana wakijenga.

Mahali penyewe ni darasa. Kuanzia miaka ya 1950 mawe ya matumbawe yalichimbwa pale kwa ajili ya saruji, na yaliyobaki yalikuwa mashimo ya mwamba mtupu, meupe na yenye joto kali, pasipo udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 alizojaribu zilisimama 3 tu, mmojawapo mvinje tuujuao sote. Hata hivyo, majani ya mivinje yalianguka yakalundikana bila ya kuoza, mpaka walipoletwa jongoo. Jongoo waliyala majani hayo, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo tunatembea kivulini juu ya udongo huo. Mmoja wa akina mama aliyekuwa akiwaogopa jongoo tangu utotoni alikiri kwamba hatawafagia tena kwa hasira.

Tulikaa kimya kando ya maji. Minana wa pale ni wale ambao dume ana kichwa cheusi na macho mekundu. Dume hutua juu ya ukuti, huuma ukingo wake, kisha huruka na utepe mwembamba ukichanika nyuma yake. Kwa tepe hizo hufuma kwanza pete moja, akasimama ndani yake, na kutoka hapo hufuma pande zote hadi mdomo wake unapofika. Kiota hukiweka kwenye ncha ya tawi, mara nyingi juu ya maji, na mlango hukielekea chini, ili nyoka apate taabu kuufikia.

Kikishakamilika, hujining'iniza mlangoni akipiga mbawa na kuita. Jike, asiye na manjano ya kung'aa wala kichwa cheusi, huja kukagua. Tulimwona mmoja akiingia, akivuta nyuzi za ndani kwa mdomo, kisha akatoka akaenda zake. Akina mama wakacheka. "Nyumba hiyo haijaridhiwa," alisema mmoja wao. Kiota kisipopata mwenyewe mpaka kikakauka, dume hukibomoa kwa mdomo wake na kuanza upya. Kikikubaliwa, jike hukitandika nyasi laini na manyoya, akataga, akaatamia kwa muda wa siku 12 hivi. Dume mmoja huweza kuwa na majike kadhaa, lakini kila jike ana kiota chake, na hakuna aliyeingizwa katika nyumba aliyoikataa. Jambo hili waume wenzangu na walii wa mabinti tulitafakari. Ndege hawakusoma fiqhi, bali Mola wao amewafunza, na katika Suratul An'am ametueleza kuwa wao ni umma mfano wetu.

Nami nilipokuwa nikihesabu safari za dume mmoja, utepe baada ya utepe, ndipo nilipofahamu nilichokiangusha. Nilidhani nimekata makuti. Kumbe nilikuwa nimevunja mtaa mzima, na watoto wakiwa ndani.

Nilimwita yule binti mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba makinda wale hawarudishiki, kwamba mimi ndimi niliyekosa, na kwamba ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mwaka huu nitamwita tena mkwezi.

Masika haya minana wamerudi kwenye mnazi wetu, wachache kuliko zamani. Ni kweli kwamba huyachanachana makuti, na mwenye minazi ana haki ya kulalamika. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: hakuna kuti lenye kiota litakalokatwa mpaka makinda wote wameruka na viota vimebaki vitupu. Mikeka ya wanafunzi tumeihamishia upande wa pili wa ua, na mimi ninasomesha kwa sauti kubwa zaidi.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wenu wakaone. Nendeni asubuhi na mapema, chukueni maji ya kunywa, manati ibaki nyumbani, na mtoto afunzwe kukaa kimya kwa robo saa tu. Na iwapo kwenu kuna mti wenye viota, mtazameni nani anaishi humo kabla ya kulichukua panga.

Wabillahi tawfiq.